Moto, Udongo na Rangi: Masharti ya Kutumia Glezi Zenye Rangi Ang'avu katika Vyungu vya Kufinyangwa kwa Mkono vya Uwanda wa Ufipa

Ikisiri

Makala hii inaeleza masharti yanayopaswa kutimizwa kabla ya kufanya majaribio ya glezi zenye rangi ang'avu katika vyungu vinavyofinyangwa kwa mkono katika uwanda wa Ufipa, mkoani Rukwa. Hoja kuu ni kwamba rangi ni hatua ya mwisho ya majaribio, si ya kwanza. Kabla ya rangi kuna maswali matatu: udongo unavumilia joto gani, tanuri linafikia joto gani, na chombo kinachokusudiwa kitatumika kwa kazi gani. Makala inaonesha kuwa Ufipa ina historia ya moto mkali kupitia uyeyushaji wa chuma, lakini moto huo haukuwa wa vyungu. Aidha, inabainisha hatari ya madini ya risasi, ambayo ndiyo njia rahisi zaidi ya kupata rangi ya kuvutia kwa moto mdogo na wakati huohuo ndiyo njia isiyofaa kabisa kwa chombo cha chakula. Mwisho, inapendekeza utaratibu wa majaribio na kubainisha vyombo vinavyostahili glezi na visivyostahili.

1.0 Utangulizi

Uwanda wa Ufipa umeinuka baina ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga, ambao ni makao makuu ya Mkoa wa Rukwa ulioanzishwa mwaka 1974, upo katika mwinuko wa takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Ufinyanzi katika eneo hili na maeneo jirani una historia ndefu. Utafiti wa kiakiolojia ulioanzishwa na J. Desmond Clark mwaka 1953 katika Maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, ulifukua vyombo vya udongo vya Zama za Chuma za Mwanzo, na jina la Kalambo likawa jina la mapokeo mojawapo ya ufinyanzi wa zama hizo.

Katika soko la leo chungu kinashindana na ndoo ya plastiki, sufuria ya alumini, pamoja na vikombe na sahani za kauri zinazoagizwa kutoka nje, ambazo humvutia mnunuzi kwa rangi na wepesi wa kusafishwa. Katika mazingira hayo, wazo la kukipaka chungu cha kienyeji glezi yenye rangi ya buluu, kijani au manjano lina mantiki: bidhaa ileile ya mkono ingeweza kupata soko jipya. Hata hivyo, wazo hilo huchukuliwa mara nyingi kana kwamba glezi ni rangi ya mafuta inayopakwa juu ya ukuta. Makala hii inajadili kwa nini sivyo, na matokeo ya tofauti hiyo kwa mfinyanzi, mtafiti na mtumiaji wa chombo.

2.0 Dhana ya Glezi

Glezi ni tabaka jembamba la kioo lililoyeyushwa na kushikamana na uso wa chombo cha udongo. Hupakwa kama uji wa unga laini wa madini uliochanganywa na maji, kisha chombo huchomwa hadi unga huo uyeyuke. Kila glezi ina viambajengo vya aina tatu. Cha kwanza ni silika, ambayo ndiyo hasa hufanya kioo. Silika peke yake huyeyuka katika nyuzijoto zaidi ya 1,700 za Selisiasi, joto ambalo tanuri la kawaida haliwezi kulifikia. Kwa sababu hiyo huhitajika kiambajengo cha pili, yaani kiyeyushi, kinachoshusha joto la kuyeyuka. Miongoni mwa viyeyushi ni soda, potasiamu, chokaa, boroni na risasi. Kiambajengo cha tatu ni alumina, inayopatikana katika udongo wenyewe, ambayo huizuia glezi isitiririke kutoka ukutani mwa chombo ikiwa bado ni kioevu. Rangi huongezwa juu ya viambajengo hivi vitatu, na kwa kawaida haizidi asilimia kumi ya mchanganyiko.

Katika mwambao wa Afrika Mashariki glezi ilifahamika zamani sana. Vigae vya mitungi yenye glezi ya buluu-kijani kutoka eneo la Ghuba ya Uajemi vimefukuliwa katika miji ya kale kama vile Unguja Ukuu na Shanga, katika matabaka ya kuanzia karne ya 8. Baadaye bakuli za kauri zilipachikwa kama mapambo katika majengo ya mawe ya Waswahili. Hata hivyo, vyombo hivyo viliagizwa kutoka nje. Wafinyanzi wa mwambao na wa bara waliendelea kufinyanga vyombo visivyo na glezi. Hali hiyo haipaswi kutafsiriwa kuwa ni upungufu wa maarifa, kwani chungu kisicho na glezi kilikuwa na kazi ambayo glezi ingeiharibu.

3.0 Sifa za Chungu Kilichochomwa kwa Moto wa Wazi

Chungu cha kufinyangwa kwa mkono kwa kawaida huchomwa katika moto wa wazi, ambapo vyungu hupangwa pamoja na kuni, nyasi au magome. Moto wa namna hii hufikia takriban nyuzi 600 hadi 900, hupanda haraka na kushuka haraka. Katika joto hilo udongo huacha kuwa udongo na kuwa kigae kisichoyeyuka tena majini, lakini hubaki na matundu madogomadogo mengi. Matundu hayo ndiyo nguvu ya chungu. Mtungi wa maji hupoza maji kwa sababu unyevu hupenya ukutani na kukauka kwa nje, ukiondoka na joto. Chungu cha kupikia huwekwa juu ya mafiga na kustahimili moto wa ghafla upande mmoja, kwa sababu matundu pamoja na chembe za mchanga au unga wa vigae vilivyosagwa huzuia ufa mdogo usisambae.

Glezi huyaziba matundu hayo. Mtungi uliopakwa glezi hauwezi tena kupoza maji. Chungu cha kupikia kilichopakwa glezi huwa na matabaka mawili, kigae na kioo, ambayo hutanuka na kusinyaa kwa viwango tofauti. Ikiwa glezi inasinyaa zaidi ya kigae, hupata nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Ikiwa inasinyaa pungufu ya kigae, hubanduka vipande vipande, na vipande hivyo vya kioo vinaweza kuingia katika chakula. Zaidi ya hayo, kigae chenye matundu hufyonza unyevu na kuvimba kidogokidogo, hivyo nyufa zinaweza kujitokeza wiki au miezi kadhaa baada ya chombo kuuzwa. Kwa hiyo, kuikagua glezi siku ileile inapotoka tanurini hakutoshi.

4.0 Moto wa Ufipa: Tanuri la Chuma na Joko la Mfinyanzi

Ufipa ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yaliyochunguzwa kwa kina kuhusu uyeyushaji wa jadi wa chuma. R. C. H. Greig aliandika juu yake katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1937, na baadaye watafiti kama vile J. A. R. Wembah-Rashid, Roy Willis, Bertram Mapunda na Randi Barndon waliendeleza uchunguzi huo. Tanuri mashuhuri la Wafipa, linalojulikana kwa wingi kama malungu, lilikuwa refu kama mnara na lilivuta hewa lenyewe kupitia mabomba ya udongo yaliyopangwa chini yake, bila kutumia mivukuto. Chuma kilichopatikana kilisafishwa tena katika tanuri dogo, yaani kintengwe.

Mambo mawili katika teknolojia hiyo yanahusu mada yetu moja kwa moja. Kwanza, ili takataka ya chuma itiririke, tanuri lilipaswa kufikia takriban nyuzi 1,200. Joto hilo linatosha kuyeyusha glezi za aina nyingi. Katika maeneo ya uyeyushaji wa chuma kwa jumla, ncha za mabomba ya udongo na kuta za ndani za tanuri hukutwa zikiwa na ngozi ya kioo cheusi au cha kijani kibichi, iliyotokana na jivu la makaa kukutana na udongo katika joto kali. Ngozi hiyo, kikemia, ni glezi ya jivu iliyojitokeza bila kukusudiwa. Pili, umbo refu la malungu linatumia kanuni ileile ya dohani katika tanuri la mfinyanzi: hewa ya moto hupanda, na hewa mpya huvutwa chini.

Pamoja na ufanano huo, malungu hayawezi kugeuzwa kuwa joko la glezi bila marekebisho. Uyeyushaji wa chuma ulihitaji hewa yenye upungufu wa oksijeni ili kaboni iondoe oksijeni katika mawe ya chuma. Rangi ang'avu za joto la chini huhitaji kinyume chake, yaani moto safi wenye oksijeni ya kutosha. Katika moshi, shaba iliyokusudiwa kuwa ya kijani inaweza kugeuka nyekundu iliyofifia au kahawia, na glezi hupata madoa ya masizi. Vilevile, chombo chenye glezi hakipaswi kugusana na kuni, jivu wala chombo kingine, kwa sababu kioo kilichoyeyuka hunata. Hivyo basi, kinachohitajika ni tanuri lenye chumba cha moto kilichotengwa na chumba cha vyombo, rafu za udongo unaostahimili moto, na dohani. Kutokana na mwinuko wa Sumbawanga, ambako hewa ni nyepesi kuliko pwani, dohani na milango ya hewa havipaswi kunakiliwa kutoka michoro iliyotayarishwa kwa maeneo ya chini bila kufanyiwa majaribio.

Suala la kuni nalo si dogo. Sehemu kubwa ya uwanda wa Ufipa ni nyasi zenye miti michache, na chombo chenye glezi kwa kawaida huchomwa mara mbili: mchomo wa kwanza wa kukomaza kigae na wa pili wa kuyeyusha glezi. Utafiti wowote usiopima kiasi cha kuni kwa kila mchomo utakuwa haujajibu swali la iwapo kazi hiyo inalipa.

5.0 Vyanzo vya Rangi

Rangi katika glezi hutokana na oksidi za metali, na oksidi moja inaweza kutoa rangi tofauti kulingana na kiyeyushi na hewa ya tanuri. Kobalti hutoa buluu kali hata ikiwa asilimia moja au pungufu. Shaba hutoa kijani, lakini katika glezi yenye soda nyingi hutoa buluu-kijani ya feruzi. Manganizi hutoa kahawia inayokaribia zambarau. Chuma, kinachopatikana katika udongo mwekundu uliotapakaa nchini, hutoa rangi ya asali kikiwa asilimia chache, na kahawia nzito hadi nyeusi kikifikia takriban asilimia 8 hadi 10. Oksidi ya bati huifanya glezi kuwa nyeupe isiyopenyeza mwanga, jambo lenye umuhimu wa pekee hapa: glezi angavu ikipakwa moja kwa moja juu ya kigae chekundu, wekundu wa kigae huonekana na kuifubaza buluu au kijani. Ili rangi ing'ae, mfinyanzi hana budi kutumia glezi nyeupe ya bati, au kupaka kwanza tope laini la udongo mweupe. Udongo mweupe wa kaolini unapatikana nchini, hususani katika vilima vya Pugu.

Baadhi ya malighafi ya silika na viyeyushi inaweza kupatikana mkoani. Jivu la pumba za mpunga unaolimwa katika bonde la Rukwa lina silika kwa wingi sana, ilhali jivu la kuni lina chokaa pamoja na potasiamu. Hata hivyo, malighafi hizi hutoa glezi ya joto la juu, karibu na nyuzi 1,200 au zaidi, ambako udongo mwekundu wa kawaida huweza kujipinda au kuyeyuka. Kwa joto la nyuzi 950 hadi 1,060, ambalo udongo mwekundu mwingi hulivumilia, kiyeyushi salama kinachotegemewa ni boroni. Boroni hutumiwa ikiwa friti, yaani kioo kilichokwisha kuyeyushwa, kupozwa ghafla na kusagwa, kwa kuwa boraksi ghafi huyeyuka majini na kufyonzwa na chungu pamoja na maji ya glezi. Magadi nayo huyeyuka majini, na glezi yenye soda nyingi husinyaa sana inapopoa, hivyo hupata nyufa kwa urahisi.

Takataka ya kale ya chuma inaweza kuonekana kuwa malighafi ya bure ya rangi nyeusi. Mabaki hayo, hata hivyo, ni ushahidi wa kihistoria, na malikale nchini zinalindwa kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Udongo mwekundu wa kawaida unatosha kuwa chanzo cha chuma. Hakuna sababu ya kitaalamu ya kusaga historia.

6.0 Hatari ya Risasi

Kiyeyushi kinachoshawishi kuliko vyote ni risasi. Glezi ya risasi huyeyuka kwa joto la chini, huvumilia makosa ya tanuri, hung'aa sana na huzifanya rangi kuwa na mvuto. Kwa karne nyingi wafinyanzi wa Ulaya waliitumia, wakati mwingine kwa kunyunyiza tu unga wa galena, yaani mawe ya risasi, juu ya chombo kibichi. Kwa mtafiti wa Rukwa jambo hili si la mbali. Katika eneo la Mpanda, ambalo lilikuwa sehemu ya Mkoa wa Rukwa hadi kuundwa kwa Mkoa wa Katavi mwaka 2012, risasi ilichimbwa kibiashara katika miaka ya 1950, na tawi la reli kutoka Kaliua hadi Mpanda lilijengwa kwa ajili ya mgodi huo. Aidha, risasi ya betri chakavu za magari inapatikana karibu kila mji.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba watoto huathirika zaidi kwa kuwa madhara yake hugusa ubongo unaokua. Katika Afrika Mashariki, yaliyowapata wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioishi kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri, yalifikishwa mahakamani, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mfinyanzi anayeyeyusha risasi nyuma ya nyumba yake anaweza kuisababishia familia yake hatari ya aina hiyohiyo, kabla hata chombo hakijauzwa.

Hatari kwa mtumiaji hutegemea pia chakula. Vyakula vyenye uchachu huitoa risasi katika glezi, na vyombo vya Ufipa hutumika kwa vyakula vya aina hiyo: togwa, pombe ya ulezi na maziwa mgando. Shaba huongeza tatizo, kwani ikichanganywa katika glezi ya risasi huifanya risasi itoke kwa wingi zaidi. Maana yake ni kwamba kijani kile kinachompendeza mnunuzi ndicho kinachoweza kumdhuru zaidi. Kwa msingi huo, makala hii inashikilia kuwa risasi isitumike kabisa, hata kwa vyombo vya mapambo, kwa sababu hakuna anayeweza kumzuia mnunuzi kutilia maziwa katika chombo cha mapambo.

7.0 Utaratibu wa Majaribio Unaopendekezwa

Hatua ya kwanza ni udongo. Vijiti vya udongo kutoka kila chimbo hufinyangwa, na mstari wa sentimita 10 huchorwa juu ya kila kijiti kikiwa kibichi. Baada ya kuchomwa, urefu mpya wa mstari huonesha kiwango cha kusinyaa. Mstari ukibaki sentimita 9.2, udongo umesinyaa kwa asilimia 8. Kisha kipande kikavu hupimwa uzito, huchemshwa majini na kupimwa tena. Kipande cha gramu 100 kinachofikia gramu 114 kimefyonza asilimia 14. Vipimo hivi hurudiwa katika viwango tofauti vya joto hadi ipatikane nyuzi ambayo kigae ni imara bila kupinda.

Hatua ya pili ni tanuri. Joto linapaswa kupimwa kwa pairomita au kwa koni za kupimia joto zinazopinda katika nyuzi maalumu, na kuandikwa kila baada ya muda uliowekwa, pamoja na uzito wa kuni. Koni huwekwa juu, katikati na chini ya chumba, kwa kuwa tofauti ya joto baina ya sehemu hizo inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti baina ya glezi mbili zinazolinganishwa.

Hatua ya tatu ni glezi isiyo na rangi. Kiambajengo kimoja hubadilishwa kwa kiwango kilekile kutoka kigae kimoja cha majaribio hadi kingine, vingine vikiachwa vilevile. Vigae vinavyofaa huchemshwa na kutumbukizwa katika maji baridi mara kadhaa, kisha hukaguliwa tena baada ya miezi kadhaa ili kubaini nyufa za kuchelewa.

Hatua ya nne, na ya mwisho, ndiyo rangi. Kwa vyombo vya chakula, kila glezi yenye rangi ipimwe maabara kwa kujazwa asidi asetiki ya asilimia 4 kwa saa 24, kisha metali zilizotoka zipimwe. Shirika la Viwango Tanzania na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ni vyombo stahiki vya kushauriwa. Siki ya dukani inaweza kuonesha glezi dhaifu inayobadilika rangi, lakini glezi isiyobadilika haijathibitishwa kuwa salama.

Katika hatua zote, unga wa glezi usivutwe puani wala kukoroga kusifanyike kwa vyombo vya jikoni. Vumbi la silika huharibu mapafu bila kujali glezi ina rangi gani.

8.0 Chombo Gani Kipakwe Glezi?

Tajiriba ya Nigeria inasaidia kujibu swali hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Mwingereza Michael Cardew alianzisha kituo cha mafunzo ya ufinyanzi huko Abuja, mji ambao sasa unaitwa Suleja. Ladi Kwali, mfinyanzi stadi wa jamii ya Wagwari, alijiunga na kituo hicho na kuendelea kufinyanga kwa mkono mitungi ya umbo la kwao, ambayo sasa ilipakwa glezi na kuchomwa kwa joto la juu. Mitungi hiyo ilipata sifa duniani, lakini iliacha kuwa mitungi ya kupoza maji. Ikawa kazi za maonesho. Umbo lilibaki, ila kazi ilibadilika.

Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alijifunza katika kituo hichohicho katika miaka ya 1970, lakini kazi zilizompatia umashuhuri hazina glezi. Hupaka tope laini la udongo, husugua uso hadi ung'ae, kisha huamua rangi kwa hewa ya tanuri: oksijeni ya kutosha huleta rangi ya chungwa, na moshi huleta nyeusi. Mfano huu unathibitisha kwamba mng'ao na rangi vinaweza kupatikana kwa njia ambazo mfinyanzi wa moto wa wazi tayari anazikaribia.

Kutokana na mifano hiyo, makala inapendekeza mgawanyo wa aina tatu. Mtungi wa maji na chungu cha kupikia vibaki bila glezi. Vyombo vya mapambo na vyungu vya maua vipambwe kwa tope la rangi na kusuguliwa, kwa kuwa havihitaji tanuri jipya. Vikombe, bakuli na sahani, ambavyo havipozi maji wala haviwekwi juu ya mafiga, ndivyo vitengenezewe udongo mahususi, tanuri na glezi ya boroni.

9.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kuwa ung'avu wa rangi katika chungu hutegemea udongo, joto, hewa ya tanuri na kiyeyushi, na kwamba kuanza na rangi kunamsukuma mtafiti kwenye risasi, kwa kuwa risasi peke yake ndiyo inayosamehe udongo usiopimwa na moto usiodhibitiwa. Ufipa ina udongo, ina kumbukumbu ya tanuri linalovuta hewa lenyewe, na ina wafinyanzi wenye mikono stadi. Utafiti wa uwandani ujao uanze kwa kupima udongo wa machimbo yanayotumika sasa, pamoja na wafinyanzi wenyewe, ambao wanajua chimbo lipi hupasuka motoni na lipi halipasuki. Matokeo yake yawarudie kwa lugha wanayoisoma, kwa sababu onyo kuhusu risasi lililofungiwa maktabani halimlindi mtoto anayekunywa togwa katika kikombe cha kijani.